Wamepewa Mikro, Wapewe na Kiti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni mjini Butembo)



Wazee wa mkutano wameniomba niseme juu ya wanawake na kazi ya habari. Wengine watauliza: karani wa mgodi na redio, wapi na wapi? Jibu langu ni hili. Kazi ya karani ni kuandika katika daftari nani yupo, amefanya nini, na atalipwa kiasi gani. Mtu asiyeandikwa, hata akichapa kazi tangu alfajiri, siku ya mshahara hana jina. Basi redio na gazeti ndiyo madaftari ya nchi. Yatupasa tuulize kalamu ya madaftari hayo iko mkononi mwa nani.

Fungueni redio hapa Butembo au kule Beni. Mtasikia sauti za mabinti zetu. Wanasoma habari kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, na wanasoma vizuri. Kwa hiyo mtu husema: "Mambo yamekwisha, wanawake wameingia." Ndugu zangu, kuingia ni jambo moja, kupanda ni jambo lingine. Anayesoma habari siye aliyeipanga. Yuko mtu katika chumba cha nyuma aliyesema asubuhi: hii iwe ya kwanza, hii iwe ya mwisho, na ile tuiache. Huyo ndiye mwenye cheo. Ingieni katika vyumba hivyo, mhesabu wenyewe wanawake wangapi wamekaa kwenye kiti hicho. Mikro wamepewa. Kiti bado.

Tuanze na mizizi ya jambo hili. Zamani za Wabelgiji, uandishi wa magazeti ulizaliwa mikononi mwa makarani. Kijana alitoka shule ya misioni akijua Kifaransa, akapata kazi katika posta, reli au kompani, na usiku akaandika makala. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, naye akiandika magazetini. Lilikuwako gazeti la kila mwezi, La Voix du Congolais, lililotoka tangu 1945 hata 1959, na mkuu wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Mlango wa gazeti ulikuwa ukarani, na mlango wa ukarani ulikuwa shule ya juu.

Wasichana je? Wengi wa wale waliopelekwa shule walifundishwa kushona, kupika, kufua na kulea. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri. Haki ya kupiga kura wanawake waliipata mwaka 1967. Basi asidanganywe mtu. Si kwamba mwanamke alishindana na mwanamume katika kazi ya habari akashindwa. Hakuitwa uwanjani.

Leo shule zipo. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989, na mabinti wanakaa darasa moja na wavulana. Kama kizuizi kilikuwa shule tu, kingekwisha ondoka. Kwa nini hakijaondoka? Sikilizeni, nitaeleza hatua kwa hatua.

Tuchukue msichana mmoja, tumwite Masika, maana nyumba nyingi za kwetu zina Masika. Anaingia redio kujifunza kazi. Hana mkataba wala mshahara. Siku ile ile anaingia kijana mwenzake, naye hana kitu. Kila asubuhi mkuu wa waandishi anagawa kazi. Kijana anatumwa kwa meya, kwa wakubwa wa jeshi, kwa mikutano ya vyama. Masika anatumwa kituo cha afya, kwenye salamu za sikukuu, na kipindi cha akina mama. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni mazoea tu, lakini mazoea yana nguvu kuliko sheria.

Mwaka unapita. Kijana anajulikana na wakubwa, ana namba za simu zao, anajua nani ni adui wa nani. Tena katika mikutano ya wakubwa kuna kile waandishi wa Kongo wanachokiita "kupaje", ndiyo makuta kidogo ambayo mwenye mkutano humpa mwandishi, kwa kuwa redio yake haimlipi ya kutosha. Hiyo ni desturi mbaya kwa wote. Mtu anayelipwa na msemaji atamwulizaje swali gumu? Lakini tazameni: hata desturi hiyo mbaya haigawanywi sawa. Aliyetumwa kwa meya anakula, aliyetumwa kituo cha afya anarudi kwa miguu.

Kisha kiti cha mkuu kinakuwa wazi. Watu wanauliza: nani anajua siasa na mambo ya usalama? Kijana anajua. Masika hajui. Wanasema: "Tungependa kumpa mwanamke, lakini hatuoni mwenye uzoefu." Ndugu, uzoefu huo alimnyima nani? Ni yule yule aliyegawa kazi asubuhi. Umemnyima mtu jembe miaka mitano, halafu unamlaumu kwamba hana shamba!

Hatua ya pili ni saa. Habari kubwa ya siku husomwa jioni, na kikao cha kupanga kesho huja baada yake, giza limekwisha ingia. Wilaya ya Beni imeona mauaji tangu Oktoba 2014, na mwezi Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Usiku ni mgumu kwa kila mtu. Lakini mwanamume akichelewa husemwa ana bidii. Mwanamke akichelewa, jirani huchungulia dirishani kuona ameletwa na motari gani. Basi Masika anaondoka mapema, na mambo yanaamuliwa hayupo. Asubuhi anakuta karatasi imekwisha andikwa.

Hatua ya tatu ni uzazi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama anayezaa majuma 14 ya kupumzika, na katika muda huo theluthi mbili za mshahara wake. Tena akirudi ana nusu saa mara mbili kila siku za kumnyonyesha mtoto. Ni sheria nzuri. Lakini theluthi mbili za bure ni bure. Ambaye hana mkataba hana majuma 14. Anakwenda kuzaa, na akirudi kiti chake kina mtu mwingine. Hakuna aliyemfukuza; hakuwa ameandikwa mahali. Ninyi mnaofanya kazi migodini mnajua mama anayetwanga mawe pembeni ya shimo. Anatwanga kila siku, na kwenye daftari hayumo. Redioni ni vile vile.

Hatua ya nne watu huisema kwa kunong'ona, mimi nitaisema wazi. Wako wakubwa wanaomwambia msichana: kazi ipo, lakini uwe mwema kwangu. Akikubali ameharibiwa, akikataa jina lake linafutwa. Na mwenzake akipanda cheo kwa akili yake mwenyewe, watu wanasema amepanda kwa njia ile ile. Hivyo mtu mwovu mmoja anawaharibia jina hata wasiomjua. Huyo si mpenda wanawake. Ni mwizi, maana anauza kitu kisicho chake: kazi ya watu.

Sasa mtu ataniuliza: hayo ni matatizo ya waandishi, sisi wakulima na wachuuzi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Nitatoa mifano ya hapa hapa kwetu.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa, wengi wao katika Beni, Mabalako, Katwa na hapa Butembo. Waliomwogesha mgonjwa, wakafua shuka zake, wakambeba mtoto wake, walikuwa hasa akina mama. Basi chanjo ilipoletwa, mama wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje, na hata mwaka 2019 ndipo walipokubaliwa. Fikirini! Anayeuguza ndiye asiyechanjwa. Habari kama hiyo ni ya kwanza kwa kila mji. Lakini mahali ambapo mambo ya akina mama yana kipindi chao cha alasiri, habari kama hiyo iko hatarini kupelekwa huko alasiri, baada ya hotuba za wakubwa. Akiwapo katika chumba cha nyuma mtu aliyewahi kubeba mimba, atagonga meza.

Mfano wa pili. Mwezi Septemba 2020 vyombo viwili vya habari vya ng'ambo, The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation, vilitangaza maneno ya wanawake zaidi ya 50 wa Beni. Walisema kwamba watu waliokuja kupigana na Ebola waliwaomba miili yao wapate kazi. Shirika la Afya Duniani likaunda tume, na taarifa yake ya Septemba 2021 ikataja watu 83 waliodaiwa kutenda maovu hayo, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Habari ilikuwa ya Beni, wenye kuumia walikuwa wa Beni, na dunia ikaisikia kwa kinywa cha mashirika ya mbali. Najiuliza: mama aliyeombwa mwili wake apate kazi ataubisha mlango gani wa habari, kama ndani anajua atamkuta mwanamume mtupu, na pengine katika chumba hicho hicho kuna msichana anayeombwa vivyo hivyo?

Mfano wa tatu ni wa sasa. Goma iliposhikwa na M23 mwezi Januari 2025, ofisi za jimbo zilihamia Beni. Habari nyingi za Kivu Kaskazini zikawa zinapangwa huku kwetu: nani amekimbia, nani amekufa, barabara ipi imefungwa, chakula cha wakimbizi kimekwenda wapi. Kambini mama ndiye anayejua idadi ya watoto waliolala bila kula. Kama hana wa kumwandika, njaa hiyo haimo katika daftari la nchi.

Wala msidhani ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Wako watu wanaohesabu habari za dunia nzima kila miaka mitano, wakitazama nani anatajwa na nani anasikika. Mwaka 1995 walikuta wanawake ni 17 katika kila watu 100. Mwaka 2020, katika nchi 116, walikuta 25. Miaka 25, hatua 8! Anayetembea hivyo kutoka Butembo, Beni hataiona akiwa hai.

Najua majibu yanayotolewa, nami nitayapokea moja moja.

Wa kwanza husema: "Desturi yetu haimruhusu mwanamke kusafiri na kukutana na wanaume wageni." Bwana, desturi gani hiyo? Butembo imejengwa na biashara, na wanawake wamo. Mama wa kwetu anavuka Kasindi, anagombana na watu wa forodha, anafuata mzigo wake mbali sana, na wengine wamefika Dubai. Akirudi na bidhaa twamwita mama shujaa. Na muuguzi halali zamu ya usiku? Hakuna amwitaye malaya. Mwanamke akileta vitenge desturi inanyamaza. Akitaka kuleta habari ndipo desturi inaamka. Hiyo si desturi. Ni kulinda kiti.

Wa pili husema: "Njia zina hatari, twawahurumia." Hatari ni kweli, nani haijui barabara ya Oicha na Eringeti? Lakini risasi haiulizi huyu ni mume au mke. Kama njia ina hatari, mkuu awaulinde wote: gari badala ya pikipiki, wawili badala ya mmoja, na ruhusa ya kukataa bila kuadhibiwa. Kumficha mmoja nyumbani na kumtuma mwingine auawe hakumlindi hata mmoja wao.

Wa tatu husema: "Mume wake hataki." Zamani alikuwa na sheria upande wake. Kitabu cha sheria za jamaa cha mwaka 1987 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa kazi. Lakini sheria hiyo iligeuzwa tarehe 15 Julai 2016. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana, kila mmoja na mwenzake. Tena Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaamuru usawa wa wanawake na wanaume, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inaeleza namna ya kuutimiza. Mkuu wa redio anayemwambia msichana alete ruhusa ya mume anasoma sheria iliyokwisha kufa.

Wa nne husema: "Wanawake hawawezi uongozi wa habari wakati wa vita." Tutazame kwa majirani zetu wa Bukavu. Mwaka 2003 wanawake waandishi wa huko, Mama Chouchou Namegabe akiwa mmoja wao, waliunda chama chao, AFEM. Walikwenda vijijini wakarekodi maneno ya wanawake waliobakwa vitani, wakayatangaza, na mwaka 2009 Mama Namegabe akayapeleka mbele ya Baraza la Seneti la Marekani. Mama Caddy Adzuba wa Redio Okapi alipewa tuzo kubwa ya Hispania mwaka 2014. Na Mama Solange Lusiku Nsimire, mama wa watoto saba, alishika gazeti la Le Souverain mwaka 2007. Huyo hakusoma tu habari za wengine. Alizipanga. Watu wenye silaha waliivamia nyumba yake, naye hakuacha kalamu. Alifariki mwezi Oktoba 2018, na gazeti lake likawa limekwisha jibu swali hili.

Angalieni walivyofanya. Hawakungoja kuitwa. Walifungana pamoja, wakafundishana kazi, wakaandika wenyewe mambo ambayo hawakupewa. Kongo ina pia umoja wa wanawake wa habari uitwao UCOFEM. Mabinti wa Butembo na Beni wasitembee mmoja mmoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa, ndugu zangu, tuache kusikitika, tuseme tunataka nini. Mimi nataka mambo matano, na yote yanaweza kuandikwa katika karatasi moja.

La kwanza, kila nyumba ya habari ibandike ukutani orodha ya kazi za juma: nani ametumwa wapi. Kazi za siasa, usalama, afya na soko zizunguke kwa wote. Orodha ikiwa ukutani, upendeleo hauna pa kujificha.

La pili, kila mtu anayefanya kazi awe na mkataba ulioandikwa, na kazi moja iwe na mshahara mmoja. Redio maskini itoe kidogo, lakini itoe sawa, na iandike.

La tatu, majuma 14 ya uzazi yaheshimiwe, na kiti kingoje. Anayekaa hapo kwa muda ajue tangu siku ya kwanza kuwa ni kwa muda.

La nne, kikao cha kupanga habari kifanywe mchana. Anayebakia usiku, mume au mke, arudishwe kwao kwa gharama ya redio.

La tano, pawe na watu watatu nje ya mkono wa mkuu wa redio, na mmoja angalau awe mwanamke, wa kupokea mashitaka ya msichana aliyeombwa mwili wake. Likithibitika, mkubwa huyo aondoke kazini na ashitakiwe, hata akiwa na sauti tamu kuliko zote za mji.

Lakini nani atawalazimisha? Sisi hatuna redio. Tuna kitu kingine: tunazo habari, na tunalo gazeti. Chama kikiita waandishi, kiite saa nne za asubuhi, si saa kumi na mbili za jioni. Kikatae kutoa bahasha, na kiwajulishe wakubwa wa redio kwamba twapenda kuulizwa na wanawake pia juu ya siasa, fedha na vita. Na gazeti hili letu, mtakalosoma ndani yake maneno haya, lina halmashauri yake. Naomba mkutano huu uamue leo, kabla hatujatawanyika, kwamba wanawake wawili wakae katika halmashauri hiyo. Wasikae hapo kupiga chapa na kuleta chai. Wawe na neno juu ya habari ipi itangulie na ipi ifuate. Tukishindwa kutoa viti viwili katika karatasi yetu ya kurasa chache, kwa uso gani tutawadai wenye redio?

Baba mwenye binti, usimwulize tu kama amepata kazi redioni. Mwulize ametumwa wapi juma hili, ana mkataba, na nani anapanga habari anazozisoma. Mama, usimkataze kuandika kwa kuogopa maneno ya jirani. Na wewe kijana mwandishi, siku mwenzako Masika anapopewa salamu za sikukuu mara ya kumi, sema mbele ya mkuu: "Leo mimi nitakwenda kwenye salamu, yeye aende kwa meya." Utapoteza makuta ya siku moja. Mji utapata mwandishi mmoja zaidi.

Mwenyekiti, nimeweka ombi langu mbele ya mkutano. Watu waliulize maswali, kisha lipigiwe kura kwa mikono. Nami naomba akina mama waanze kuuliza.